Chambo Kisicho na Nyama

Chambo cha kuvulia ngisi hakina kitu cha kula ndani yake. Ni kipande cha plastiki chenye umbo la kamba, kimevikwa kitambaa, kimetiwa macho makubwa, kidevuni kina kipande cha risasi, na mkiani kina safu mbili za sindano zilizokunjwa kuelekea juu kama taji. Ukikivunja utakuta utupu, au punje za chuma zinazolia kikitikiswa. Ngisi akikikumbatia hapati hata tonge. Nimetumia chambo hiki miaka sita sasa, kila Jumatatu isiyo na msiba, kwenye miamba ya pwani ya Tanga, na nimekitafakari kuliko inavyompasa mchungaji. Ndugu msomaji uliyefungua kitabu hiki ukitarajia neno la imani, nivumilie kidogo. Tutafika.

Mimi ni mtu wa milimani. Nilikua Usambara, ambako samaki ni dagaa mkavu wa sokoni, na nilipopangiwa usharika wa pwani sikujua bamvua ni nini. Aliyenifundisha kuvua ni mzee mmoja jirani yetu, Mwislamu, mvuvi wa mshipi tangu utoto, ambaye magoti yamemkataza kupanda ngalawa na sasa anavua akiwa nchi kavu. Yeye hutumia chambo alichochonga mwenyewe kwa mti mwepesi, akakivika kipande cha shuka kuukuu na kukifunga sindano kwa waya. Nilipomweleza kwamba hata Wajapani, ambao vyambo hivi vya kisasa vimetoka kwao, walianza hivyohivyo kwa kuchonga mti, hakushangaa hata kidogo. Kule kusini mwa Ujapani, pande za Kagoshima na visiwa vya Amami, wanasimulia juu ya mvuvi aliyeangusha kijinga cha moto baharini akaona ngisi amekikumbatia. Jina lao la chambo hiki, egi, maana yake ni mti wa chambo.

Mtu akiniuliza anunue kipi, namuuliza kwanza atasimama wapi. Namba zilizoandikwa kwenye pakiti, 2.5, 3, 3.5, zinatokana na kipimo cha kale cha Kijapani kiitwacho sun, ambacho ni kama sentimita 3. Namba 3.5 basi ni chambo cha sentimita 10 na ushei, chenye uzito wa gramu 20 hivi. Namba 2.5 ina karibu nusu ya uzito huo. Kubwa hurushwa mbali, ndogo humfaa ngisi mchanga na maji matulivu. Lakini jambo kuu ni mwendo wa kuzama. Cha kawaida huzama mita moja kwa sekunde tatu hivi. Vipo vilivyopunguziwa risasi ambavyo huchukua sekunde sita. Pale ninaposimama mimi, maji yakipwa yanabaki mafupi juu ya majani ya bahari na mawe, na chambo cha haraka kinaingia kwenye majani kabla hujamaliza kuhesabu mpaka tano. Hapo kinatakiwa cha polepole. Maji yakijaa, na upepo wa kusi ukipinda uzi kama upinde, nabadili na kuweka kizito, la sivyo kinaelea tu bila kufika kwa mwenyewe. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo jioni ileile moja unaweza kuhitaji vyote viwili.

Sasa rangi. Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Dukani utakuta waridi, machungwa, kijani, zambarau, tumbo la dhahabu, tumbo la fedha, vingine vinavyong'aa gizani. Nilikuwa na sanduku zima la namna hiyo, zawadi ya rafiki aliyerudi kutoka ng'ambo, na siku ya kwanza nilipolifungua kule mwambani yule mzee alilitazama kwa muda.

"Shikamoo, mzee wangu," nikasema.

"Marahaba, Mchungaji. Leo umetuletea harusi nzima."

Kisha akaongeza, "Ngisi hanunui dukani, mwanangu."

Hakuwa amesoma kitabu chochote cha elimu ya viumbe, lakini vitabu viko upande wake. Jicho la ngisi ni kubwa na linaona vizuri ajabu, ila karibu aina zote za ngisi hawatofautishi rangi. Wanaona mwanga na kivuli, na wanaona jambo ambalo sisi hatulioni, yaani namna mawimbi ya mwanga yanavyoelekea yanapopita majini. Waridi na machungwa kwao ni vivuli viwili vya kijivu. Kwa hiyo ukichagua, chagua weupe na weusi: maji maang'avu ya kaskazi na jua, chukua kilichofifia kinachofanana na kamba wa kweli, usiku au maji ya tope, chukua cheusi au chekundu kilichokolea, ambacho kwenye giza kinaonekana kama umbo jeusi mbele ya mwanga hafifu wa juu, au kinachong'aa chenyewe. Rangi nyingine zote zimewekwa ili zimvue mvuvi pale dukani, na zinamvua kwelikweli.

Ngisi mwenyewe ni mnyama wa kustaajabisha. Ana mioyo mitatu, damu ya buluu, na koo linalopita katikati ya ubongo, hata inambidi auvunje mlo vipande vidogo kwa mdomo wake ulio kama wa kasuku kabla ya kumeza. Maisha yake ni mwaka mmoja tu au pungufu. Akishataga kwenye majani ya bahari anakufa. Ndugu zetu Wasabato hawamli, kwa sababu Walawi 11 inataka mapezi na magamba na ngisi ana mapezi peke yake. Mimi nikifika hapo humkumbuka Petro juu ya dari kule Yafa, mji wa bahari, katika Matendo 10, na naendelea kukaanga. Lakini sina ugomvi nao, na jirani mmoja Msabato hunipa mhogo bila kuuliza utaliwa na nini.

Kitu ambacho hakuna pakiti inayokieleza ni kwamba ngisi huwa hashiki chambo kinapovutwa. Unavuta mara mbili kwa nguvu, kinaruka kama kamba aliyeshtuka, naye ngisi anakigeukia kutoka mbali. Kisha unaacha. Kinashuka taratibu, kichwa chini, sindano juu, na wakati huo wa kimya ndipo anapokuja. Husogea, husimama, hubadilika rangi, hukitazama. Nikiwa na taa nimewaona wakikitazama kwa muda mrefu kisha wakarudi kinyumenyume gizani. Yule anayeamua kukamata hurusha ile mikono yake miwili mirefu, na unasikia uzito kama mtu aliyening'iniza kikapu kwenye uzi wako. Sindano zile hazina kijino kama cha ndoana, kwa hiyo ukilegeza uzi ameondoka. Kinachomshikilia ni mkumbatio wake mwenyewe pamoja na mvuto wako usiokatika.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani mwaka juzi baraza la wazee lilipokaa kuzungumzia vijana. Nyumba yetu ya ibada iko kwenye barabara ambayo katika miaka michache imepata huduma mpya kadhaa, zenye spika kubwa, taa za rangi, na mabango ya wiki za miujiza. Benchi za nyuma kwetu zilikuwa zikipungua watu. Mzee mmoja wa kanisa, mfanyabiashara, mtu ambaye paa letu lisingekuwapo bila yeye, alisimama na kupendekeza tununue spika, tufunge taa, na tutangaze wiki yetu wenyewe ya uponyaji, kila siku na baraka yake: Jumatatu kazi, Jumanne ndoa, Jumatano magonjwa. Akanigeukia, akasema, "Mchungaji, wewe mwenyewe ni mvuvi. Nani amewahi kuvua bila chambo?"

Wazee walicheka, na mimi pia. Lakini swali lilikuwa la haki, na aliyeliuliza aliliuliza kwa upendo wa usharika. Niliomba tulijibu katika kikao kijacho.

Jibu la haraka lingekuwa kwamba Injili haihitaji mapambo. Jibu hilo si kweli, na hakuna Mlutheri wa nchi hii anayeweza kulisema bila kujichekesha. Tuna kwaya zenye sare mpya kila Pasaka. Tuna matarumbeta. Watu huvutwa na matarumbeta, na sijakutana na mtu aliyedanganywa na tarumbeta. Mwanamke msamaria alivutwa na maji, umati ulivutwa na mikate. Kuvutwa peke yake si dhambi.

Niliporudi nyumbani nilifungua Agano Jipya la Kigiriki, ambalo kurasa zake zimelegea tangu siku za chuo. Nilitaka kuona wavuvi wa Galilaya walivua kwa nini. Nyavu, karibu kila mahali. Ndoana inatajwa mara moja tu, Mathayo 17, Petro alipotumwa kupata fedha ya kodi, na hapo aliyeshikwa ni samaki kwelikweli. Katika Luka 5, Bwana anapomwambia Petro kwamba tangu sasa kazi yake itakuwa kuvua watu, Luka anatumia neno linalomaanisha kumkamata mtu hai, neno lililotumika pia kwa mateka anayeachwa na uhai wake. Samaki wa wavuni hufa. Hawa watavuliwa wapate kuishi.

Je, chambo? Kipo. Neno la Kigiriki la kumnasa mtu kwa chambo limo katika Agano Jipya mara tatu. Mara moja ni Yakobo 1:14, ambapo anayetega ni tamaa ya mtu mwenyewe. Mara mbili ni 2 Petro sura ya 2, ambapo wanaotega ni walimu wa uongo, na wanaotegwa ni roho zisizo imara. Barua yenye jina la mvuvi ndiyo inayowapa walimu wa uongo sanduku la vyambo. Nililisoma mara mbili, nikaenda kutafuta chai.

Ila kuna mahali pengine ambapo mababa wa kanisa walithubutu kumpa Mungu mwenyewe ndoana. Gregori wa Nyssa, askofu wa karne ya 4, alifundisha kwamba uungu wa Kristo ulifichwa chini ya mwili wake kama ndoana chini ya chambo; adui akaona mwili dhaifu wa mtu, akaumeza kwa pupa, akanaswa na kile asichokiona. Luther naye aliipenda picha hii, akaihusisha na yule Lewiathani wa kitabu cha Ayubu. Wanateolojia wengi wa siku zetu wanaikwepa, wanaona haifai Mungu kudanganya. Mimi naiona ina jambo moja ambalo tusilipoteze. Tazama ni nani aliyetegwa. Mauti ndiyo iliyovuliwa pale Kalvari. Mwanadamu hakutupiwa ndoana, alitandikiwa meza.

Na meza hiyo ndiyo jambo ambalo sisi Walutheri tumelishikilia hata kwa gharama ya urafiki. Mwaka 1529 kule Marburg, Luther alipokutana na Zwingli, aliandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Bwana kuhusu mwili wake, na hakukubali kuondoka hapo siku zile zote. Wengi walimwona mkaidi, na pengine alikuwa. Lakini nikiwa na kile kiplastiki mkononi namwelewa. Alikuwa anakataa kumwalika mtu mwenye njaa kwenye umbo la chakula.

Haya yote ningeweza kuyasema kikaoni kwa utulivu kama si jambo lililotokea kabla ya kikao. Mama mmoja wa usharika wetu, ambaye ameniruhusu niandike haya bila jina lake, ana mtoto wa kiume mwenye selimundu. Wanaoijua hali hii hawahitaji kuelezwa: chembe za damu hupinda kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha. Ipo dawa ya kila siku inayopunguza mashambulizi hayo, na mtoto alikuwa akiimeza. Mama huyu alikuwa fundi wa nguo. Kwenye mkutano mmoja wa maombezi, mbali na kwetu, aliambiwa atoe mbegu inayouma, na akaambiwa kwamba kuendelea na dawa ni kumwambia Mungu humwamini. Akauza cherehani. Akaacha dawa. Wiki ya tano mtoto akalazwa.

Nilimkuta wodini, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mtoto amelala na dripu. Kwenye mfuko wake kulikuwa na chupa ndogo ya mafuta, imebaki nusu. Sikusema lolote juu ya chupa. Tulikaa. Baada ya muda akaniuliza bila kunitazama, "Baba Mchungaji, yule aliniahidi mtoto mzima. Wewe unaniahidi nini?"

Sikuwa na kitu cha kung'aa. Nikamwambia, "Mama, huyu mtoto nilimbatiza mimi. Kile Mungu alichomwambia siku ile hajakifuta, wala hakisubiri apone. Dawa aanze tena kama daktari atakavyosema. Na mimi nitakuja kesho."

"Hayo ni machache," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni machache."

Nikaenda kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu alinitengea nafasi kwenye kitanda cha jirani kilichokuwa wazi, akanigawia ndizi. Hakusema kwamba amesamehe wala kwamba imani yake imerudi, na sikumwuliza.

Kikao kilipofika nilimjibu yule mzee wa kanisa mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba amesema kweli, sijawahi kuvua ngisi bila chambo, na kwamba ndiyo maana sitaki kitumike kanisani. Najua kilivyo ndani. Nikawasimulia habari ya cherehani. Kulikuwa na kimya. Yule mzee aliuliza cherehani iliuzwa kwa nani, na kwa shilingi ngapi.

Spika tulinunua mbili, kwa sababu waliokaa nyuma kweli walikuwa hawasikii. Taa za rangi hatukufunga. Wiki ya baraka za kila siku haikupigiwa kura hata moja; badala yake wazee waligawana mitaa ya kutembelea wagonjwa, na wawili kati yao wamekwisha kuacha, kama ilivyo desturi ya kamati. Vijana? Baadhi wamerudi, baadhi hawakurudi, na mmoja wa waliokwenda kule bado anakuja Jumatatu kuvua nami, tunabishana mpaka ngisi wanakimbia. Yule mzee wangu wa mwambani hutusikiliza, huku akitikisa kichwa. Siku moja alimwambia kijana, "Mwanangu, ukitaka kujua chambo, kitafune." Kijana alicheka. Mimi niliandika maneno hayo kwenye daftari la mahubiri, na bado sijathubutu kuyatumia.

Cherehani ilipatikana Pongwe, kwa mtu aliyekuwa bado hajaitumia. Nani alilipa sikuambiwa, ingawa mfanyabiashara wetu mwezi ule alilalamika sana kuhusu hali ya biashara. Sare za kwaya ya watoto za mwaka huu zimeshonwa kwayo, na mikono ya baadhi imezidi urefu kwa sababu mama anasema watoto wanakua.

Mtoto hajapona, selimundu haiondoki hivyo. Anameza dawa, anakunywa maji mengi, na mama humvika sweta hata Januari. Wakati wa ibada hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, ili maumivu yakianza waweze kutoka bila kusumbua. Jumapili iliyopita ilikuwa Meza ya Bwana, na mguu wa mtoto ulikuwa unauma, kwa hiyo mama hakuja mbele. Wote walipokwisha kupokea nilishuka na mkate na kikombe mpaka kule mlangoni. Mama alipokea. Mtoto bado hajafika kipaimara, nikamwekea mkono kichwani nimbariki. Akaninong'oneza kama kesho maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa, maana daktari amemruhusu kukaa kwenye mawe na kutazama. Nikamwambia yatajaa saa kumi jioni, aje na sweta.